Nilivyomtafsiria uongo Bibi wa Sibwesa mbele ya watafiti wa chuo kikuu

Wakuu, salamu kutoka Mpanda. Kisa hiki kinanionyesha mimi vibaya, kwa hiyo sina sababu ya kukipamba.

Shule niliacha darasa la sita. Tangu hapo nimevua dagaa Kapalamsenga, nimelima mpunga wa watu Mamba, nimechunga ng'ombe wa Wasukuma. Nikikaa sehemu miezi sita miguu inaanza kuwasha.

Faida yake ni lugha. Kirundi nakijua vizuri, maana niliishi na familia zenye asili ya Burundi upande wa Sibwesa.

Mwaka jana nilikuwa nashikashika vibarua kwa fundi redio hapa mjini. Wakaja watu watatu wa kituo cha utafiti wa habari na utamaduni cha chuo kikuu kimoja. Walitaka kujua watu wa vijijini wanaishije na redio. Nani anaiwasha, nani anachagua stesheni, inakaa wapi ndani ya nyumba.

Mwanzoni nilicheka moyoni. Kumbe kuna watu wana ofisi na digrii kwa ajili ya maswali kama haya! Halafu nikakumbuka kuwa ndiyo maswali ninayojiuliza maisha yangu yote, sema sikuwa na wa kumuuliza.

Wakanichukua kama mkalimani. Mkuu wao, dada mmoja tuliyemwita Dokta, alinipa sharti moja tu: tafsiri anachosema mtu, hata kama unaona hakina maana.

Sibwesa tukaenda kwa Bibi Konsolata, mjane. Akaulizwa kwa nini anawasha redio kila jioni. Akajibu kwa Kirundi kwamba hata haisikilizi. Marehemu mumewe alikuwa anaiwasha saa ile ile, basi naye anaiwasha ili akiwa anapika, nyumba iwe na sauti ya mwanaume.

Wakuu, niliona aibu kwa niaba yake. Wageni wametoka mbali na rekoda zao, halafu bibi anasema hasikilizi? Nikatafsiri kwamba anafuatilia taarifa ya habari ajue maendeleo ya nchi.

Dokta akaandika. Mimi nikajiona nimemsitiri bibi.

Sikujua utaratibu wa kituo. Kila sauti inasikilizwa upya na mtu wa pili anayejua lugha, bila kuonyeshwa tafsiri ya kwanza. Safari hii alikuwa mwalimu mstaafu wa hapa Mpanda.

Siku ya tatu Dokta akaniita, akaniwekea sauti ya bibi kwenye laptop.

"Kaka, hayo maendeleo ya nchi ameyasema wapi? Nionyeshe."

Nilijua kazi imeisha, na ndiyo kazi ya kwanza ambayo sikuwa na hamu ya kuiacha.

Hakunifukuza. Alisema maneno ni ya bibi, kwa hiyo bibi aambiwe. Kesho yake tukarudi, nikamweleza mbele ya wote. Akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga.

"Kumbe umenifanya mbunge."

Halafu akaacha kucheka. "Mjukuu wangu, ya kwangu yalikuwa na ubaya gani?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo.

Dokta akauliza kama yale ya kweli yabaki au yafutwe. Bibi akasema yabaki, na jina la mumewe liwekwe. Akalitaja mara mbili, taratibu. Nikalifikisha hivyo hivyo.

Ripoti ilipotoka, kituo kilimletea bibi nakala yake, nami nikaenda kumsomea. Jina la mumewe lipo. Chini yake pameandikwa kwamba tafsiri ya kwanza ilikosewa na mkalimani, na jina langu pembeni. Nilishamwomba Dokta aliondoe, akakataa. Alisema kosa langu linaonyesha tunavyodhani wasomi wanataka kusikia nini. Nilinuna siku mbili.

Bibi aliniambia nirudie ukurasa ule. Nikarudia, na kosa langu nikalisoma lote.

Nilichojifunza ni kwamba nilimwonea aibu mtu ambaye mwenyewe hakuwa na aibu. Na wale watu wa kituo nawavulia kofia.

Nyie mliowahi kumtafsiria mama au bibi hospitali au kwenye kikao, mliongeza nini? Mimi nimeshasema langu, nawasubiri.