Dawa ya Rangi ya Kutu

Dinie Arntz hakuwa mtu wa haraka. Wenzake katika idara ya picha ya hospitali moja pale mjini Nijmegen walimtania kwamba akikaanga yai litazeeka kikaangoni. Yeye alicheka tu. Ni polepole yake hiyo iliyofanya akabidhiwe dawa ya kahawia. Leo amestaafu, ana miaka sabini na mmoja, na akiikumbuka kazi yake kinachomjia kwanza si mashine wala madaktari, ni rangi ile.

Dawa ilikuja ikiwa unga ndani ya kichupa. Ukiuchanganya na maji ya chumvi, unageuka mzito wa rangi kama kahawa iliyochemshwa mara mbili. Mlikuwa na chembe za oksidi ya chuma ndani yake, chembe za nano, ndogo hivi kwamba ukizipanga elfu mbili kwenye mstari hazifiki upana wa unywele mmoja. Kila moja ilivishwa ganda la sukari ili zisigandamane. Baba yake, aliyekuwa baharia wa majahazi ya mizigo katika mto Waal, hakuyakubali kabisa mambo hayo.

"Oksidi ya chuma ni kutu, mwanangu, usinidanganye," alimwambia. "Mimi nimekwangua kutu miaka arobaini mpaka vidole vimepinda. Wewe unawatia watu mishipani, tena unalipwa!"

"Basi baba, nitakuja nikukwangue wewe kutu, nikaitumie hospitali."

"Njoo na ndoo!"

Kazi ya dawa yenyewe ilikuwa hivi. Chembe nyeupe za damu, zile zilizo askari wa mwili, zilimeza chuma hicho na kukipeleka kwenye tezi ndogo za limfu. Mgonjwa alikwenda kulala, akarudi kesho yake kuingia katika mashine ya sumaku. Tezi nzima, iliyoshiba chuma, ilionekana nyeusi ti. Tezi iliyovamiwa na saratani haikuwa na askari wa kumeza chochote, ikabaki nyeupe. Kwa hiyo katika chumba chao weusi ndio uliokuwa habari njema, na Dinie alikuja kuupenda kama wengine wanavyopenda jua.

Mwezi mmoja wa Novemba alikuja Sjef Peeters, mzee mwenye kifua kama kabati, aliyechoma matofali maisha yake yote katika tanuri za kando ya mto. Alikuwa na saratani ya tezi dume, na madaktari walitaka kujua kama imeshatembea. Alikuja na mkewe, Mientje, mwanamke mdogo wa umbo, mkubwa wa mdomo.

Dinie alimfungia dripu. Dakika kumi hazijatimia, Sjef akakunja uso.

"Sista, funga! Mgongo unapasuka!"

Dinie alifunga bomba palepale na kumwita daktari. Wakapima mapigo, wakapima presha. Vyote vilikuwa salama. Maumivu yakapungua taratibu mpaka yakaisha. Lakini Sjef alikuwa ameshakaa kitako, anatafuta viatu.

"Nakwenda nyumbani. Nimeshakufa mara moja leo, inatosha."

"Wewe Sjef!" Mientje akamrukia. "Umeishi na moto wa tanuri, leo unakimbizwa na kichupa?"

"Kitie kwako basi!"

Dinie akavuta kiti, akaketi. "Mzee Sjef, hakuna atakayekulazimisha. Ila jambo hili nimeliona kwa wengine. Dawa ikikimbia, mgongo unalalamika. Nikiidondosha tone kwa tone, mara nyingi haiumi. Nitakaa hapa hapa. Ukisema funga, nafunga."

Sjef alimtazama mkewe, akamtazama Dinie, akaviacha viatu.

Ilichukua saa moja na robo. Dinie hakula chakula cha mchana siku ile, wala hakujutia, maana Sjef alianza kusimulia baridi ya zamani, mto ulipoganda hadi watu wakauvuka kwa miguu. Yeye naye aliuvuka, akiwa kijana, kwenda kumwona binti mmoja ng'ambo.

"Akaja kunitazama," Mientje akadakia, "akasahau njia ya kurudi. Siku tatu anamaliza supu ya njegere ya mama!"

"Barafu ilikuwa imeanza kupasuka."

"Muongo! Ilikaa wiki mbili nyingine!"

Walicheka hadi tone la mwisho likashuka.

Kesho yake daktari Verhulst, mama wa maneno machache, aliwaonyesha picha. Tezi zilijipanga nyeusi kama shanga. Ila moja, ya milimita nne, iling'aa nyeupe.

"Hiyo ina ugonjwa," alisema. "Tena imekaa mahali ambapo daktari wa upasuaji kwa kawaida hafiki. Bila picha hii tusingeijua."

"Nilitaka zote nyeusi," alisema Sjef kwa sauti ndogo ambayo Dinie hajaisahau. Siku hiyo Dinie alirudi nyumbani na moyo mzito. Ni yeye aliyemshawishi aviache viatu.

Wakailenga tezi ile kwa mionzi. Kiwango cha dalili za saratani katika damu kikashuka, kikakaa chini. Kila Julai, wakati wa matembezi ya siku nne ya mji ule, Sjef alileta idarani fungu la maua ya gladioli, kama wanavyopewa waliomaliza kutembea, akidai naye ameyatembea yake.

Kisha kampuni ya dawa ile ikaacha kuitengeneza. Kichupa cha mwisho kilitumika Jumanne moja, wakala keki ya cheri, hakuna aliyetoa hotuba. Kwa miaka iliyofuata Dinie alitazama picha za kijivu tupu, ambapo ugonjwa wa tezi hukisiwa kwa ukubwa wake tu, akajiona kama msomaji aliyechaniwa kurasa.

Sjef alifariki miaka kumi na mmoja baada ya Novemba ile, kwa moyo, bustanini kwake. Baada ya mazishi, watu wakinywa kahawa na mikate ya jibini, Mientje alimshika Dinie mkono.

"Siku ya zile picha nilikuchukia," alisema. "Nilisema, mbona huyu asingetuacha twende zetu tukae bila kujua?"

"Hata mimi nilijiuliza hivyo, Mientje."

"Acha kujiuliza. Umenipa miaka kumi na mmoja ya kukoromewa."

Wakacheka, watu wakageuka kuwatazama.

Siku hizi dawa imerudi, inatengenezwa na watu wengine. Dinie alisikia habari hiyo dukani, kwa mwenzake wa zamani. Alifurahi, kisha akahisi wivu kidogo, kama mtu anayesikia mchumba wake wa ujanani amerudi mjini na hakupita kumsalimu.