Kireno cha Kufoka

Saa kumi na dakika kumi na saba alasiri, siku ya Alhamisi, mpangaji wa nyumba namba kumi na moja alisimamisha gari langoni, akateremsha kioo, akanipa CD. Alikuwa Mbrazili, mkufunzi wa mazoezi wa timu moja ya mpira, na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Mimi nilikuwa mlinzi wa lango hilo, upande wa Al Wakrah, mwaka wangu wa nne Doha, Qatar. Kila gari lililopita niliandika muda wake katika daftari, ndiyo maana dakika ninazikumbuka.

"Wewe husoma kila kitu," alisema kwa Kiingereza cha kuungaunga. "Haya, soma na hii."

Akaenda zake uwanja wa ndege.

Kweli nilikuwa msomaji. Shule niliiacha darasa la nane, na tangu hapo nimejifundisha mwenyewe: uhasibu, Kiarabu cha kuandika, umeme kidogo. Kwa hiyo nilipokuta ndani ya kasha la CD kijitabu chenye maneno ya nyimbo zote kwa Kireno, nilijua la kufanya. Nilinunua kamusi iliyotumika na redio ya CD hapo Najma, mtaa tulikolala watu sita katika chumba cha kampuni, nikaanza.

Nilitarajia muziki wa kucheza, kwa sababu hicho ndicho nilichojua kuhusu Brazil. Kilichotoka kilikuwa kama mabati yanayoburutwa barabarani, na juu yake mwanamume anafoka. Wimbo uliisha kabla sijaketi. Dakika moja na sekunde nne.

Dereva Mganda wa kitanda cha juu alichungulia chini. "Mzee, huyo nani anampiga?"

"Hapigwi. Anaimba."

"Anaimba! Basi hata mimi nikishikwa na trafiki huwa naimba."

Zilikuwa nyimbo ishirini na mbili, dakika ishirini na saba kwa jumla. Nilitafsiri mbili kwa wiki. Mmoja ulihusu mama aliyetolewa nyumbani sufuria yake ikiwa bado motoni. Mwingine ulihusu fundi aliyejenga ghorofa ishirini, na ilipokamilika akakatazwa kupanda lifti yake. Mwingine ulikuwa bei ya maharagwe tu, mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na tusi. Maneno hayo ningeweza kuyasoma kanisani.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mtu ameketi, amepima maneno yake moja baada ya jingine, kisha anayafoka kwa kasi ambayo hata Mbrazili mwenzake hayashiki. Kama una shida na mwenye nyumba, si unataka akusikie? Baadaye sana nilisoma kwamba muziki huo huitwa panki, na kwamba kasi hiyo ni ya makusudi. Haikunisaidia.

Kamusi haikuonyesha matamshi, kwa hiyo mwalimu wangu pekee alikuwa yule mfokaji. Nilimpima kwa saa ya mkono. Ubeti wa mistari minne aliumaliza kwa sekunde tisa. Nami nikafanya mazoezi juu ya paa la jengo, kila Ijumaa, siku ya mapumziko na ya kanisa huko, baada ya ibada, mpaka nikafika sekunde tisa, kwa sauti ileile. Nilidhani ndivyo lugha ilivyo. Hata Kiarabu cha sokoni, mara ya kwanza kukisikia nilidhani watu wanagombana, kumbe wanaulizana habari za watoto.

Kiangazi kilipokaribia nilianguka langoni kwa maumivu ya ubavu. Daktari alisema nina jiwe kwenye figo, ninywe maji na niondoke juani. Jiwe likirudi, aliniambia bila kuficha, ataandika kwamba sifai kazi, na kampuni itanirudisha nyumbani. Nilikuwa na watoto wawili sekondari.

Wiki ileile msimamizi wetu, Mnepali mwenye haraka, aliuliza nani anajua Kireno. Hoteli moja tuliyoilinda ilikuwa inatarajia wageni kutoka Brazil na ilitaka mlinzi wa mlango wa mapokezi. Ndani, penye kiyoyozi, na posho juu. Nilinyoosha mkono.

"Sadiki, una hakika?" aliniuliza. Doha kila mtu ni sadiki, yaani rafiki, hata anayekukata mshahara.

"Nina hakika."

Aliyenipima alikuwa mkuu wa mapokezi, mama wa Kibrazili mwenye miwani. Alisimama nami katikati ya ukumbi. "Mgeni ameingia, amechoka. Mkaribishe."

Nilivuta pumzi. "Karibu, mwananchi! Umetoka mbali! Mlango huu ni wako pia! Hakuna atakayekufukuza!"

Wabeba mizigo wawili waliweka masanduku chini. Karibu na lifti mtoto alianza kulia.

"Mbona unanifokea?" aliuliza yule mama taratibu, kwa Kiingereza.

"Sifoki, madam. Ninaongea Kireno."

Alisukuma miwani juu. "Haya. Mgeni amepoteza sanduku."

"Wamechukua kila kitu! Usinyamaze!"

Alifunika uso kwa faili, mabega yakatikisika. Nilisubiri nimesimama wima. Alipoliondoa, mashavu yalikuwa yamelowa, na sikuweza kujua ni kwa nini.

"Nani alikufundisha?"

Nilimweleza. Akaniomba wimbo wa yule mama wa sufuria. Nilipoanza aliniwekea mkono begani, nikapunguza sauti, tukaenda mstari kwa mstari, naye akitikisa kichwa. Polepole hivyo ulikuwa wimbo wa huzuni. Sikuwa nimejua.

"Sarufi yako ni safi," alisema mwishoni. "Lakini mlangoni pangu huwezi kusimama. Wageni watarudi uwanja wa ndege."

Msimamizi alikuwa nyuma ya nguzo, amesikia yote. Garini tulisimama taa nyekundu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa tayari najiona kwenye ndege, na ubavu umeanza kuniuma, au nilidhani unauma.

"Sadiki. Sauti hiyo unaweza kuitoa kwa Kiarabu?"

"Kwa lugha yoyote."

"Khalas, yamekwisha. Kesho unaanza maegesho ya magari, chini ya hoteli. Kule madereva hawasikii mtu."

Chini ya ardhi hapana jua. Palikuwa na moshi, nilikohoa, lakini jiwe halikurudi, na watoto walimaliza shule nikiwa kule. Jioni ile ya kwanza nilimuuliza dereva Mganda kama nimefaulu mtihani au nimefeli.

"Umefeli, mzee," alisema. "Ila umefeli vizuri."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi na bado sina hakika nalo. Ninayoweza kuyasema bila kubahatisha ni ya hesabu tu. Posho ya mlangoni ilikuwa riali mia mbili kwa mwezi, nami nilikaa kule chini miezi kumi na minne bila kuipata. Nilipoteza riali elfu mbili na mia nane.