Sauti Yangu Ukunguni Matogoro

Kama unataka kucheka, cheka kwanza, ukimaliza unisikilize. Sikuota, sikulewa, na ilikuwa saa tisa mchana.

Mimi na mume wangu Gasto, wakazi wa Mshangano hapa hapa Songea, tulipanda Matogoro na mabegi mgongoni tukalale mlimani. Vifaa hatukuvijaribu nyumbani. Tunafungua hema, kumbe vyuma vyake vimebaki chumbani! Buti langu la mtumba nalo likabanduka soli. Gasto akasema turudi. Nani, mimi? Nikachana kanga niifunge soli, safari iendelee.

Ukungu ukashuka na manyunyu. Nimeinama nakaza fundo kwa meno, nikasikia, "Gasto! Njoo huku!" Niamini, ilikuwa sauti yangu. Na mimi mdomo umejaa kanga!

Gasto kalelewa na bibi yake kijijini Maposeni, kwake ukiitwa usipoitika papo hapo, fimbo. Bibi huyo huyo alitukanya: mlimani usimwitikie usiyemwona. Mazoea yakamponza. "Naam!" akaitika, akaenda.

Nikamwita, hakugeuka. Mbele yake kasimama mwanamke: koti langu la mvua, begi langu, uso wangu. Nyuma ya mwanamke huyo, korongo la kina kirefu. Wewe ungefanyaje? Niliogopa, sikufichi, lakini nikasema mume wangu simwachii mtu, awe jini awe nani. Nikakimbia nikichechemea, nikadaka mkanda wa begi la Gasto, nikajibwaga chini nao.

"Gasto, tazama miguu! Nani kafunga kanga?"

Akatazama yangu, akatazama ya yule. Mabuti yake mazima, tena makavu, kwenye manyunyu yale! Gasto akarudi nyuma, akaniangukia. Tulipoinua vichwa, hapakuwa na mtu. "Nilikuwa nakufuata wewe," akasema, akalia.

Tangu hapo haitiki. Ukimwita anakuja kwanza, anakutazama usoni, ndipo anasema naam. Majirani wanasema ana kiburi. Waache waseme.

Ninyi mnaopanda, lifungueni hema uani kwenu kwanza, vuteni soli kwa mkono. Na ukiitwa ukunguni, funga mdomo, hata kama ni sauti ya mkeo.

Juzi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Gasto kakaa kizingitini, jasho linamtiririka. Akanitazama usoni muda mrefu.

"Umeniita mara tatu toka jikoni," akasema. "Sikuitika."

Nikatua kapu, nikaingia jikoni peke yangu. Chakula cha mume wangu napika mimi.