Ng'ombe wa Shangazi Asiyeogeshwa Dawa

Leo nimemtafsiria shangazi yangu shukrani za kifo cha ng'ombe wake.

Ngojeni niwaeleze, wenzangu wa Mabawa.

Kazi yangu mnaijua: namhesabia mtafiti mmoja wa Kizungu kupe wa ng'ombe huko Pongwe, na kuwaandika kwenye daftari langu. Nusu ya ng'ombe huogeshwa dawa, nusu huachwa hivyo hivyo, ili alinganishe.

Ng'ombe wa shangazi akaangukia kwa walioachwa. Naye ana huyo mmoja tu.

Na mimi ndiye niliyemwomba amtoe kwa ajili ya utafiti. Kila jioni, kabla ya kukamua, shangazi alikuwa akimng'oa kupe mmoja mmoja kwa mkono na kuwatupa kwenye makaa. Nikamwambia aache, asije akatuharibia hesabu.

Akaacha. Aliniamini, mtoto wa kaka yake aliyesoma.

Leo asubuhi tumemkuta ng'ombe amekufa. Ndigana, ile homa ya kupe.

Mtafiti akamfunua masikio, akahesabu, akaandika. Kisha akanigeukia: "Mwambie ametusaidia sana. Sasa tuna hakika dawa inafaa."

Semeni nyie, mngefanyaje?

Mimi nilitafsiri. Neno kwa neno, kama kasuku.

Shangazi hakulia, wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia jikoni akanitilia chai kama siku zote, ila leo ilikuwa ya rangi.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Maziwa yamo kwenye daftari lako."