Matairi ya Mtu Aendaye Polepole

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, shamba la mkonge alilokuwa akifanya kazi baba yangu kule Korogwe lilifungwa, na shida ikaanza. Shule niliiachia darasa la tatu. Nikapelekwa kwa mjomba aliyekuwa akiziba pancha za malori kando ya barabara kuu. Nililala juu ya matairi na nikala kwa matairi. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili anayesoma ajue kwamba nikizungumza habari za tairi, sikuzisoma mahali.

Toronto nilifika 2001, nakaribia arobaini, nimevaa koti la kuazima. Niliosha magari, nikabeba matairi kwenye maghala ya watu, mwisho nikafungua gereji yangu mwenyewe Mount Dennis, milango miwili, karibu na reli. Novemba watu wanapanga foleni kuvalishwa matairi ya theluji, Aprili wanapanga foleni kuyavua. Theluji ikiisha ndipo pikipiki zinapotoka mafichoni. Wenye pikipiki ndio wateja wabishi kuliko wote. Mwenye gari anakuuliza tairi litakaa muda gani. Mwenye pikipiki anakuuliza litamshika vipi akiilaza kwenye kona. Nao wana haki ya kubisha, maana kinachowashikilia na ardhi ni mpira wa ukubwa wa kiganja, basi.

Binti yangu mkubwa, nesi, aliolewa mwaka 2012 na kijana wa Iringa anayefanya kazi za kompyuta katikati ya mji. Kijana safi. Lakini adabu yake ilinichosha. Kwao mkwe hamkazii macho baba wa mke wake, wala hambishii. Akija kwangu anakaa kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyeleta barua. Ungemtilia chumvi kwenye chai angekunywa na kushukuru. Mke wangu alimpenda kwa hilo. Mimi nilikuwa nikimwambia, huyu mtoto ana maneno mawili tu, shikamoo na sawa.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata binti alikuja gerejini akitoka kazini, bado na sare, tumbo limeshatangulia mbele. Akafunga mlango wa ofisi.

"Baba, anataka kwenda tena kule uwanjani."

Nilijua uwanja gani. Nje ya mji, zaidi ya saa nzima kwa barabara kuu, kuna uwanja wa mbio, na kuna siku ambazo yeyote mwenye pikipiki analipa kiingilio anaingia kuikimbiza mpaka aridhike. Hakuna mshindi wala kombe. Watu wazima wenye kazi zao.

"Mkataze. Mume ni wako."

"Nimeshindwa. Na wewe usimkataze, baba. Atakuitikia sawa, halafu ataenda kimya kimya na tairi zake za zamani. Mvalishe tairi nzuri tu. Please. Huyu mtoto azaliwe amkute baba yake."

Akafuta macho kwa mkono wa sare, akaondoka. Mimi nimefunga matairi ya malori yaliyobeba tani na tani za saruji. Hakuna mzigo uliowahi kunikalia kifuani kama ule.

Kijana akaja Jumamosi. Shikamoo baba, marahaba, akasimama na mikono nyuma. Pikipiki yake nikaiweka juu ya stendi.

"Kule uwanjani unakimbia vipi?"

"Kawaida tu, baba."

"Kawaida ya nani?"

"Polepole, baba. Bado najifunza."

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa, kwenye hilo jibu. Maana tairi la uwanjani halichaguliwi kwa pikipiki, linachaguliwa kwa mtu. Kuna matairi laini kabisa, vipara tangu kiwandani, hayana hata mchoro mmoja. Hayo yanang'ang'ania lami kama gundi, lakini mpaka yapate moto. Lazima uyafunike kwa blanketi za umeme kabla hujaingia, na uyakimbize kwelikweli ili moto usitoke. Mtu wa polepole akiyavaa asubuhi ya baridi ya huku, yanampiga chini kona ya kwanza. Halafu kuna ya barabarani ya mwendo mkali, magumu katikati, laini pembeni, yenye mchoro. Hayo yanapata moto upesi na yanamsamehe anayejifunza. Ila ukiyakimbiza kupita kiasi, mpira unachemka na kuanza kuteleza kama umepakwa samli.

Yeye alikuwa amesimama karibu na rafu ya yale laini. Akabonyeza moja kwa kidole gumba, kisha akarudisha mkono nyuma haraka.

Nikashusha jozi ya yale ya barabarani. "Haya ndiyo yako."

Akayatazama kidogo. "Sawa, baba."

Sijutii kuchagua yale. Kwa mtu niliyeelezwa, hata leo ningeshusha yale yale.

Siku yenyewe nilisema nitampeleka kwa vani yangu. Hakuweza kukataa, angekataaje? Njia nzima alikaa wima kama yuko kanisani. Tulipofika, bado kulikuwa na baridi, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Wasimamizi wakamkagua, wakambandikia pikipiki karatasi nyekundu mbele. Sikuuliza maana yake. Nikapunguza upepo mwenyewe, maana uwanjani unaacha upepo mdogo kuliko barabarani ili mpira ulale vizuri, kisha nikasogea kwenye uzio.

Zamu ya kwanza lami ilikuwa baridi na wote walikwenda kwa tahadhari. Nikajisemea, si mbaya. Zamu ya pili jua lilikuwa limeshapanda. Nilikuwa nimesimama mkabala na kona ndefu ya kulia, ile ambayo wanatoka wamelala mpaka goti linaparuza chini. Wakapita watatu. Wa nne alikuwa mkwe wangu, na alikuwa anawafukuza wale watatu.

Alipofungua mafuta akitoka konani, tairi la nyuma likatoka upande. Nililiona waziwazi. Likateleza, likashika, likamrusha kutoka kwenye kiti, akarudi. Mzunguko uliofuata, pale pale, likateleza tena, zaidi. Na hakupunguza. Nilishika uzio kwa mikono miwili nikapiga kelele kwa Kisambaa, lugha ambayo hata yeye haijui, na asingesikia kwa ile milio.

Akarudi kwenye maegesho akavua kofia. Uso umeloa jasho.

"Vipi?"

"Sawa, baba."

Nikapiga magoti nyuma ya pikipiki. Tairi lilikuwa linawaka, huwezi kuliwekea mkono. Pembeni mpira umegeuka rangi ya bluu, umejisokota vipunje vipunje, na mahali pamoja umechanika. Mtu anayejifunza hawezi kulifanya tairi vile. Hata akitaka hawezi.

Jirani yetu wa maegesho alikuwa Mkenya mmoja mnene, fundi bomba, amekaa juu ya kreti anakula andazi. Alikuwa ananiangalia kwa huruma.

"Shikamoo mzee. Hizo tyre ni za kuendea kanisa, si za hapa."

"Za mtu wa polepole," nikasema.

Akacheka mpaka andazi likampalia. "Polepole? Huyu? Si unaona hiyo red? Hao wa red ndio group ya speed, wazimu wenyewe, sisi tuko huku na wazee. Mwaka jana walituchanganya siku moja, huyu jamaa wako akanipita kwa kona, nikadhani engine yangu imezima!"

Mkwe wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Spika ikaita wekundu wajipange. Zamu ya tatu. Akachukua kofia yake.

"Weka chini," nikamwambia.

"Nitakwenda polepole, baba."

"Hilo neno usinitajie tena."

Mkenya akainuka na kreti lake akahamia upande wa pili wa vani. Ana akili yule.

"Nisikilize. Hapa mimi si baba mkwe wako. Baba mkwe nimemwacha nyumbani na mama yako. Hapa mimi ni fundi wako, na fundi hadanganywi. Nijibu kama unavyomjibu fundi. Tairi linafanya nini?"

Wenzake walikuwa wanapita mbele yetu kuelekea getini, injini zinanguruma.

"Linafanya nini, we kijana!"

Ndipo akainua uso akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu aje kwangu na wazee wake kuposa.

"Linaondoka, baba. Mizunguko miwili ya kwanza linashika, baada ya hapo linaondoka kila kona. Haya matairi hayanifai. Nilijua tangu gerejini."

"Tangu gerejini?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, baba? Ulishayashusha kwenye rafu! Na ningekwambiaje kwamba nakimbia hivi, na binti yako ana mimba? Ungeniona mtu gani?"

"Kwa hiyo ungekufa kwa adabu?"

Mkono wake mmoja una glovu, mwingine hauna. Getini bendera ilikuwa imeshainuliwa. Mwingine angesema ningechukua ufunguo nikatia mfukoni. Ningeweza, na angesema sawa, na safari nyingine angekuja bila mimi, na matairi yoyote yale, na mdomo umefungwa. Basi nikamwambia, "Sikukatazi. Umesema hayakufai. Wewe ndiye unayeyakalia. Amua."

Nilipomaliza kusema nikatamani nirudishe maneno. Alilitazama tairi, akatazama geti. Bendera ikashuka, wekundu wakaondoka wote kwa mlio mmoja mrefu uliokata kona. Akabaki amesimama. Kisha akavua ile glovu nyingine, akaitupa ndani ya kofia.

"Nilitaka ya kipara," akasema. "Na blanketi."

"Ya kipara ungeyafanyaje asubuhi ile na ubaridi ule?"

"Ndiyo maana nimesema na blanketi, baba."

"Na umeme wa blanketi utautoa wapi? Kwa Mkenya?"

"Karibuni!" Mkenya akajibu toka nyuma ya vani. "Niko na jenereta!"

Tulifunga pikipiki kwenye vani kabla ya saa ya chakula. Njia nzima ya kurudi tulibishana. Laini sana au laini ya kati, upepo kiasi gani ukiwa wa baridi na kiasi gani ukiwa wa moto, la mbele lifanane na la nyuma au lisifanane. Alipiga dashibodi ya vani yangu kwa ngumi akisisitiza jambo. Tulipofika gerejini, tukaendelea, mimi nimeshika tairi moja, yeye lingine, kila mtu anapandisha sauti. Binti, aliyekuja kumchukua mumewe, akaingia mbio, mkono tumboni, akidhani tunapigana.

"Kuna nini? Mnagombana?"

"Tunachagua matairi," nikamwambia. "Kaa pale."

Alimwangalia mumewe, akaniangalia mimi, akakaa. Tukachagua laini ya kati, na blanketi. Alirudi uwanjani mwezi uliofuata, nami nilikuwa kwenye uzio. Tairi lilirudi na mpira umesagika sawasawa, mweusi, bila bluu.

Leo nina gereji ile ile ya Mount Dennis, sasa milango minne. Nina mashine mbili za kuvalishia matairi, moja ya magari, moja ya pikipiki. Nina nyumba ya matofali na bustani ya nyuma ninayolima sukuma wiki wakati wa joto. Korogwe nina nyumba ya vyumba vinne na kisima. Nina vani. Nina mke yule yule. Nina wajukuu wawili wanaoelewa Kiswahili na kunijibu Kiingereza. Na nina mkwe, mzima, viungo vyote, ambaye juzi alinibishia mbele ya wateja habari ya upepo wa tairi la mbele, na akakosea.