Punje za Pinki

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, ni fundi wa mbao za kuchezea mawimbi, zile watu wanazozisimamia juu ya maji. Wenzake humwita Gundi. Ubao uliovunjika huuziba kwa sponji ngumu, akaupiga msasa, akaupaka gundi. Kibanda chake kiko wazi upande wa bahari, maana kifua chake hakipatani na vumbi. Upepo ndio dawa yake. Mimi hukaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mzee akishakunywa chai, ana safari gani tena?

Kila Jumamosi wacheza mawimbi huokota taka ufukweni. Gundi hakosi, hata magoti yakimlilia. "Sisi ndio tunaoyanywa maji haya," husema.

Mwaka huu sponji nyeupe iliadimika, akapata ya pinki. Wenzake wakamcheka: "Gundi, unatengeneza mbao au keki?"

Basi Jumamosi moja mkewe, mshona mapazia, aliinuka kwenye mwani na kiganja kimejaa punje za pinki. Akamwonyesha Gundi. Kwenye kidimbwi, visamaki vilikuwa vinazidonoa.

Gundi akakaa mchangani.

"Kumbe miaka yote naokota huku namwaga. Zile nyeupe tulidhani povu! Kibanda itabidi nikizibe."

"Vumbi tu hilo, bwana," alisema Kidevu, mwenzake wa mawimbini. "Ukijiziba mle ndani, kifua hicho kitakuzika."

"Na nikiacha wazi?"

Kidevu akavitazama visamaki.

Mke wa Gundi akaunga mapazia chakavu, wakaziba upande wa bahari. Sasa Gundi huulowesha ubao kabla ya msasa, hujifunga kitambaa puani, na uchafu wote huukusanya guniani. Joto la mle, usiombe. Kazi ya asubuhi inakula siku nzima, na kikohozi hakimwachi. Wateja wakaguna, wengine wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya ufukwe, anayepiga msasa nje, kwenye upepo.

Jana nilimkuta ameegemea nguzo, macho mekundu.

"Mjomba, nimechoka."

"Pumzika basi, mwanangu."

"Na yule wa ng'ambo nani atamwambia?" Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, pazia jingine lipo?"

"Lipo. Lina maua."

"Hata likiwa na nyani, lete."

Nikaenda naye hadi ng'ambo. Kifua kilipombana tulisimama, nami nikajifanya ni miguu yangu. Tulimkuta fundi yule kazini, punje nyeupe zikipeperuka kuelekea majini. Gundi hakumgombeza. Alimweleza aliyoyaona kidimbwini, maneno mawili, pumzi, maneno mawili.

Fundi alimtazama, akalitazama pazia la maua.

"Mmeniletea posa?"

Gundi hakuwa na pumzi ya kucheka. Alishika pembe moja ya pazia, akamnyooshea ya pili. Yule akasitasita, kisha akaweka msasa chini, akaipokea.