Kikopo cha Mafuta ya Chunusi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zangu hulala upande, na maneno mengine huenda nimeyakosea, maana shule niliiachia darasa la nne na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Naandika polepole. Lakini jambo hili lilinitia hofu ambayo haijanitoka, nami sina ujasiri wa kulisimulia mbele za watu.

Tunakaa Mtongwe, mimi, mama na ndugu yangu mdogo. Baba yuko vitani, huu mwaka wa tatu. Alipoondoka nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi. Katika barua yake moja aliomba picha yetu, apate kuona tulivyokua. Mama akapatana na mpiga picha kwamba atakuja Jumapili baada ya ibada.

Wakati huo uso wangu ulikuwa umejaa chunusi, paji la uso na mashavu yote mawili. Ndugu yangu hakuniacha nipumzike.

"Baba akiiona picha hiyo atadhani nyumbani kumeingia tetekuwanga," alisema.

"Nyamaza wewe, na hayo masikio yako," mama akamwambia, lakini yeye mwenyewe alicheka.

Mimi sikucheka. Nilitaka baba anione mzuri. Siku ya Jumatano nikachukua senti zangu za kusuka makuti, nikaenda dukani Likoni. Juu ya kabati kulikuwa na vikopo vyenye picha ya mwanamke mwenye uso laini kama yai. Wanaume wanne walikuwa wamesimama hapo wakinunua sigara. Nilionyesha kwa kidole tu, sikusema neno.

"Ahaa, mafuta ya chunusi!" mwenye duka akasema kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya maji wangeisikia. Mmoja wa wale wanaume akaniangalia usoni, akasema, "Mpe viwili, kimoja hakitamtosha." Wakacheka. Niliacha senti mezani, nikanyakua kikopo, nikatoka mbio. Nilimsikia mwenye duka akiita, "Ewe binti, ngoja nikueleze yanavyotumika!" Sikugeuka.

Ndani ya kikopo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu. Ningeweza kumpelekea mtu anisomee, lakini angejua nimenunua nini. Nikaikunja tena nikaichomeka chini ya mkeka pamoja na kikopo.

Sasa jirani yetu ni bibi mmoja wa ukoo wa kale wa hapa, na binti zake hupaka liwa. Nimewaona tangu utoto wakisugua kile kipande cha mti wa kunukia juu ya jiwe, kwa maji ya waridi, mpaka kitoe uji mzito. Hujipaka uso mzima, wakakaa nayo asubuhi nzima ikauke mpaka ipasuke kama tope la ufukweni. Mimi sikujua dawa nyingine ya uso. Kwa hiyo Alhamisi, mama alipokwenda shambani kuchimba muhogo, nilijipaka yale mafuta kama liwa. Uso mzima, mazito, mpaka karibu na kope. Nikakaa nikingoja yakauke.

Hayakukauka. Yalianza kuwasha, kisha yakachoma. Nikajiambia ndiyo dawa inafanya kazi. Nilitafuna pindo la leso yangu nikavumilia mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika, ndipo nikanawa. Ngozi ilikuwa nyekundu na imekaza, hata kufungua kinywa kuliniuma. Mama aliporudi nilimwambia nimekaa juani.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka, nikasikia jogoo na ufagio wa mama uani, lakini sikuona kitu. Nilipapasa uso wangu. Macho yalikuwa yamevimba, kope zimegandana. Nilijaribu kuzifungua kwa vidole nikashindwa. Jambo la kwanza nililowaza si maumivu. Niliwaza kwamba baba atarudi, nami nitamsikia tu akibisha hodi.

Nilipiga kelele. Mama akaja, nikasikia pumzi yake ikikatika.

"Mungu wangu. Ndui!"

Akamfukuza ndugu yangu nje. Nilimsikia mama akizunguka chumbani, akisema peke yake kwamba watakuja kututenga, kwamba nyumba itafukizwa dawa, kwamba atamwandikia nini mume wake. Na mimi nilijua si ndui. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkeka, nasikia kikopo kwa chini, na ulimi umekataa kutamka. Hapo ndipo nilipojiogopa mwenyewe. Nilikuwa tayari kupofuka kuliko kuona haya.

Mama akamwita bibi jirani. Alibisha hodi akaingia bila kusita, ingawa mama alimwambia asimame mlangoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Hebu lete uso huo." Akainama, nikasikia akinusa. "Ndui hainuki kiberiti, wallahi. Mwanangu, umepaka nini?"

Nikatoa kikopo na ile karatasi.

Mama hakunipiga. Alinishika mkono mmoja, bibi akanishika wa pili, wakaniongoza hadi zahanati kama kipofu, na watu njiani wakawa wanauliza. Dresa, yule mhudumu wa kuosha na kufunga vidonda, aliisoma ile karatasi kwa sauti, akitufasiria. Jaribu kwanza mahali padogo. Paka kidogo sana, kwenye chunusi tu. Yasikaribie macho. Yakichoma, osha upesi. Kila neno nilikuwa nimelifanya kinyume.

"Ataona?" mama akauliza.

Dresa aliniosha macho kwa maji mengi, muda mrefu, akafungua kope moja kwa vidole. Nikaona kifungo cheupe cha koti lake. Nikalia, naye akasema nisilie, chumvi itanichoma.

Alisema nisipake kitu chochote mpaka ngozi ipone, nioshe kwa maji baridi tu, na macho yakitoa usaha nirudi upesi. Bibi akauliza kuhusu liwa. Dresa akasema ni ya upole zaidi, lakini hata hiyo ngozi nyingine huikataa. Ngozi yangu ilipopona, bibi alinipaka tone moja kwa ndani ya mkono, tukangoja mpaka kesho yake. Nilikuwa nautazama mkono huo kila dakika. Haukuwasha. Sasa napaka kidogo, na chunusi bado zipo, ila chache.

Lakini Jumapili ile mpiga picha alikuja, uso wangu ukibambuka kama kitunguu. Nilijificha nyuma ya bega la mama, na picha ikaenda hivyo. Baba amejibu. Anauliza, "Mbona binti yangu mmemtuma nusu?" Barua hiyo sijaijibu. Nimeandika haya kwanza, nione kama mkono wangu utaweza kusema kweli.

Ninyi mliosoma haya, tafadhali niandikieni. Kama kuna aliyewahi kupaka mafuta ya namna hii, anieleze yaliyompata na kama macho yake yalirudi sawasawa, maana langu la kushoto bado hutoa machozi upepo ukivuma, na kila likilia naogopa.